Mfadhili wa Timu Iliyokufa Mara Mbili

Shikamoo kaka Hamisi,

Huku Maskati jua halina huruma. Leo nimekula chakula cha mchana mtaa wa Ghubra na mkurugenzi wa klabu ndogo ya mpira ya Romania, itakayofutwa asipopata mfadhili. Alimsimulia mwenyeji wetu, Bwana Seif, historia nzima: ilianzishwa na mafundi wa reli, ikafilisika, ikafufuka kwa jina jingine, ikafilisika tena.

Bwana Seif akanigeukia, akasema kwa Kiswahili: "Masikini! Hii nnaona yataka khitma, si mfadhili." Akamsogezea mgeni sinia la wali, na kwa adabu tu akakubali kupigwa picha akishika jezi ya klabu. Kabla hatujanawa mikono, klabu ilishatangaza mtandaoni kwamba imepata tajiri wa Kiarabu.

Mbusu mama. Mwenyekiti wa timu yenu asiione kadi hii.

Mdogo wako, Rehema