Tundu Chini ya Mstari wa Maji

Kaka yangu mpendwa,

Barua hii ikufikie ukiwa na afya, wewe, wifi na watoto. Huku tunapumua. Mama anakusalimu sana. Kifua kimetulia, ila joto bado linamnyima usingizi. Ndiyo maana Baba amenunua kiyoyozi cha mashua, ili Mama aweze kulala humo wajukuu watakapokuja kwa ile safari ya baharini aliyowaahidi.

Kiyoyozi chenyewe hakina makuu. Kazi iko kwenye maji ya kukipoza. Nilimweleza Baba kwamba tutoboe tundu jipya chini ya mstari wa maji, tuweke koki na chujio, pampu ikae chini kuliko usawa wa bahari, na mpira wa maji upande moja kwa moja bila kujikunja, maana hewa ikinasa humo pampu itazunguka bure. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hapana. Akataka tuchote kwenye bomba linaloipelekea injini maji ya bahari, basi. Nikamwambia kiyoyozi kikizimwa, injini itavuta hewa kupitia mpira ule na kukosa maji. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mwalimu wake. Unamjua Mzee akishafika hapo. Nikaunganisha alivyotaka, roho juu juu.

Gatini kila kitu kilikwenda vizuri. Tukatoka kujaribu: Baba kwenye usukani, Mama kwenye kiti chake, mimi chini nimeinamia pampu. Kwenye mlango wa bandari, pembeni mwa ule ukuta wa mawe, nikazima kiyoyozi. Baada ya muda mlio wa injini ukabadilika. Nikapaza sauti kuuliza geji ya joto inasemaje.

“Iko sawa,” akajibu.

Nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikauliza tena.

“Nimekwambia iko sawa!”

Nilipanda ngazi mbiombio. Kaka, mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na Baba alikuwa ameukodolea macho.

Nikazima injini. Upepo ukaanza kutusukuma ukutani, na mimi, badala ya kufanya la maana, nikamfokea Baba kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake. Mama ndiye aliyetuokoa. Alivua viatu, akaenda mbele akishikilia kamba, akatupa nanga. Mashua ikagutuka, ikageuka, ikasimama karibu na mawe kiasi kwamba niliona konokono walivyoyagandia. Mashua nyingine ikatuvuta kurudi gatini.

Mashua ikapandishwa nchi kavu. Nikachukua drili bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilipomaliza kutoboa nikamsikia Baba nyuma yangu, nikajiandaa kwa ugomvi. Lakini aliomba tu apapase. Akazungusha vidole ukingoni mwa tundu, taratibu, kisha akaniambia.

Baba haoni, Kaka. Katikati ya kila anachokitazama pana giza. Usoni mwangu, alisema, anayaona masikio tu. Mlango wa bandari amekuwa akiupita kwa mazoea. Daktari wa macho alishamkataza kuendesha chombo chochote. Na tundu alilikataa kwa sababu hajawahi kuingia baharini na tundu asilolikagua kwa macho yake, na hakutaka nijue kwamba hawezi tena.

Akaniomba nisimwambie mtu, hasa wewe, maana utawazuia watoto. Akauliza kama nimekubali. Nikatikisa kichwa kukataa. Hakuona. Akanishukuru, akanipigapiga begani, akaondoka akipapasa ubavu wa mashua.

Sasa maji yanapita vizuri, hakuna panapovuja, na Mama jana alilala humo mchana kutwa. Watoto usiwazuie. Njoo nao, ushike usukani wewe, na mwambie Baba ni wewe uliyeutamani.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Kifundi