Taulo Lililotundikwa

Shoga, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Unakikumbuka kile kikadi nilichobandika bafuni, kwenye loji ya mama mkubwa, ili tuokoe maji na umeme? "Taulo lililotundikwa halifuliwi; la sakafuni hufuliwa." Wewe mwenyewe ulikisifu!

Basi leo wamefika wageni, mume na mke. Hata mabegi hawajafungua, mke huyo mapokezi, ameshika taulo kwa vidole viwili. Lina rangi ya midomo. Nyekundu! Akaniambia, "Binti, mimi sipaki rangi. Na mume wangu, nijuavyo, hapaki."

Kumbe wageni wakiondoka, mama mkubwa anaokota mataulo sakafuni anayatundika mwenyewe. ANAYATUNDIKA! Nikamuuliza kwa sauti ya chini, akanijibu mbele yao: "Si umeandika wewe? Lililotundikwa halifuliwi. Nimetundika."

Halafu akawageukia: "Msameheni, ndiyo kwanza katoka chuo."

Msameheni nani? Mimi! Na unajua nilisema nini? Nilisema samahani. Mimi, na mdomo wangu huu unaoujua!

Sasa hakuna anayejua taulo lipi safi, lipi lilitumiwa na nani, kwa hiyo nafua ya vyumba vyote. Mashine inanguruma tangu mchana, tangi limebaki robo.

Na sasa hivi mama mkubwa kachungulia mlangoni, anatikisa kichwa kwa huruma kabisa: "Mwanangu, maji yote haya? Si ulisema tuokoe?"