Maji ya Mjomba Safi Mno

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama bado anakaa kwa mjomba; anakusalimu, ila tumbo bado linamsumbua. Mwenyewe anasema ni uzee.

Ile mashine yangu ya kupima sumu kwenye maji, inayobebeka kama sanduku la safari, juzi niliipeleka kwa mjomba. Si unajua mtaa mzima hununua maji ya kisima chake? Nilipotaka kuchota, akanizuia: "Mpwa wangu, utachafuka bure." Akaniletea chupa mwenyewe. Mjomba na ukarimu, wapi na wapi!

Sumu ikiwepo, mstari wa kwenye kioo cha mashine huinuka kama kilima. Visima vyote vya jirani vina vilima. Maji ya mjomba, mstari umelala kama mkeka. Nikafunga mashine, nikaaga.

Leo nimerudi mjomba akiwa hayupo, nikajidai nina kiu, nikajichotea kikombe kisimani. Mkewe akanipokonya kabla sijakitia mdomoni, akanipa maji ya dukani.

"Hayo si ya wageni," akasema. "Hayo hunywa mama yako."

Nimempa mama maji safi ya kwangu kwa kificho. Njoo umchukue, kaka. Mjomba akiuliza, sema umemkumbuka tu.

Mdogo wako