Ukurasa wa Ndoa ya Mama Kolumba

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka mkekani? Mimi mwili haujambo. Baridi ya huku Mbinga nimeizoea, na ugali kwa dagaa wa Nyasa nakula nashiba. Moyo ndio mgonjwa, Mama. Nimeharibu kitu na sijui nikishike wapi.

Unajua nililetwa hapa parokiani kutunza kompyuta inayohifadhi madaftari ya ubatizo na ndoa, maana mchwa walikuwa wanayamaliza. Anayepiga chapa ni katekista, Mzee Ndunguru. Akawa analalamika kwamba mashine ni nzito, akihifadhi ukurasa anangoja mpaka anasinzia. Nami kwa ujuaji wangu nikaingia kwenye Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, nikairuhusu diski ipokee maandishi kwenye kumbukumbu yake ya muda, iseme "imehifadhiwa" papo hapo, halafu iyaandike baadaye kwa nafasi yake. Mzee alifurahi huyo! "Mwanangu, sasa inakwenda kama imeshushwa mlima."

Alhamisi akamaliza daftari la mwisho la ndoa. Kioo kikasema imehifadhiwa. Basi akalibeba daftari lenyewe, mchwa wakidondoka njia nzima, akalichoma pamoja na matawi makavu ya kahawa wasije wakahamia kwenye vitabu vipya. Moto haujafifia, umeme ukakatika. Na betri ya ndani, ya kulinda kumbukumbu ya muda umeme ukikatika, kumbe ilikwishakufa zamani. Sikuwahi kuikagua, Mama. Uvivu tu.

Umeme uliporudi, kurasa za mwisho hazikuwepo. Nikadhani ni waya, nikabadilisha. Nikaiamuru mashine ikague diski nzima. Ikanikusanyia mabaki kwenye folda moja, nikayafungua moja moja, alama tupu, hakuna jina la mtu. Nikajaribu kuandika kitu na kuchomoa umeme: kikapotea. Nikaifuta ile ruhusa yangu, nikarudia: kikabaki. Ugonjwa nimeujua, mgonjwa keshazikwa. Nakala niliyonayo ni ya Jumamosi iliyotangulia, kurasa hizo zilikuwa bado hazijapigwa.

Jumatatu akaja Mama Kolumba, mjane wa kijiji cha Ukata, mzaliwa wa Kihagara ziwani. Mumewe kafariki juzijuzi. Shemeji zake wamelichukua sanduku lenye cheti cha ndoa, na sasa wanasema hakuolewa, aliokotwa tu ufukweni, kwa hiyo shamba la kahawa aliache arudi kwao na watoto. Baraza la ukoo ni Jumanne ijayo. Alitaka karatasi moja tu ya parokia. Kwa tarehe aliyoitaja, ndoa yake ilikuwa kwenye kurasa zile zile.

Wasimamizi wake wa ndoa wote marehemu, padri aliyewafungisha naye marehemu. Nikamgeukia Mzee Ndunguru. Akainama. "Majina niliyoandika ni mengi, mwanangu. Siwezi kuapa kwa nisichokikumbuka."

Mama Kolumba akaniuliza, "Lakini mashine ilisema imeandika?"

"Ilisema, mama."

"Basi ije iseme barazani."

Hakuwa anatania. Nikatoka nje nikalia. Mama, nilikuona wewe, siku ile baba mdogo alipotutolea vitanda uani huku matanga ya baba hayajaanuliwa. Safari hii aliyetoa vitanda ni mimi.

Nisalimie dada Mwajuma na shemeji fundi cherehani, na bibi mkunga, mwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Mjomba mwalimu mfiche habari hizi, maana husema kwa watu kwamba mpwa wake hashindwi na mashine.

Jumanne nitapanda Ukata. Nitasimama niseme ukurasa ulikuwepo, nimeupoteza mimi. Najua watakachoniuliza: "Wewe kijana, jina lake ulilisoma kwa macho yako?" Sikulisoma, Mama. Nikisema kweli namfukuzisha, nikisema uongo naapa mbele ya msalaba wa watu. Ningekuuliza nifanye nini, lakini barua hii itakufikia Jumanne imeshapita.

Mwanao,
Idi