Yowe Chini ya Feni

Gonja, milimani
9 Februari 2025

Mwanangu Loth,

Hujambo baba? Joto la huko Same linakuachaje? Huku sisi wazima. Tangawizi imeshika vizuri, yule mbuzi mwekundu kazaa pacha, na mguu wangu umepoa. Usishangae kupata barua kama enzi za babu yako. Pale kilimani tulipokuwa tunapanda kutafuta mtandao ndipo mlipolisimika feni lenu kubwa la kufua umeme kwa upepo, mkazungushia na seng'enge. Simu yangu sasa ni ya kuangalia saa tu. Barua hii nampa Evance, konda wa basi. Ukijibu mpe yeye.

Loth, hilo feni linanimaliza. Upepo ukiwa mdogo halina neno. Ukikaza, linavuma vuu, vuu, vuu, mpaka vyombo kabatini vinaitikia. Wenzangu wanalisikia kwa mbali, mimi nyumba yangu iko chini yake kabisa. Juzi Priska, mke wa Wilbard, kaniita mlangoni kwangu mpaka kachoka. Nageuka namwona kasimama nyuma yangu, nikaruka! Tukacheka. Baadaye nikiwa peke yangu sikucheka.

Watu nao wana maneno. Wanasema hela ya mji wetu ilikuwa ya kuezeka wodi ya wazazi, mkaipeleka kwenye feni. Sawa, taa tumepata na mashine ya kusaga inafanya kazi, sikatai. Ila mwezi ujao kuna mkutano, na mzee Melkizedeki, mwenyekiti wetu, kanitaka nisimame niseme, maana jirani wa feni ni mimi. Nimekubali. Nimeona nikwambie wewe kwanza, kwa kuwa miradi ya umeme ndiyo kazi yako.

Ni mimi mama yako.


Same mjini
16 Februari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo mama. Pole na mguu, pole na kelele. Mimi mzima, isipokuwa usingizi umenikimbia tangu nisome barua yako.

Mama, nakuomba kwa magoti, usisimame. Feni ni mali ya mji, wala si la tajiri fulani. Mji umetoa nusu ya hela, nusu nyingine tunaisubiri kutoka kwa wafadhili, na siku ya mkutano watamleta mtu wao asikilize. Nyumba ya karibu kuliko zote ikilalamika, hela inazuiwa. Tukiikosa, hakuna feni na hakuna wodi. Na aliyechagua kile kilima ni mimi. Ofisini wananiangalia mimi.

Wakikuuliza sema halikusumbui. Neno moja tu, mama. Hela ikishaingia nitaweka breki, upepo ukikaza lisimame lenyewe. Naapa.

Mwanao Loth.


Gonja
9 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na salamu zako nimezipata. Mkutano umekwisha. Yule mgeni wa wafadhili aliniuliza mbele ya watu wote, "Mama, mtambo unakusumbua?" Nikasema haunisumbui, nasikia kila kitu kama zamani. Hilo la kusikia wala hakuniuliza, nilijiongezea mwenyewe kwa woga. Priska alinitazama sana. Melkizedeki akainamisha kichwa akatafuta kofia yake.

Umefurahi? Basi mimi nimenyamaza. Weka hiyo breki upesi.

Mama yako.


Same mjini
16 Machi 2025

Mama yangu wee!

Shikamoo. Umeniokoa! Mgeni karudi anakusifu, eti hajaona mama mwelewa kama wewe. Hela itakuja baada ya bajeti. Evance anakuletea sukari, sabuni na sweta ya baridi. Breki naifuatilia, fundi yuko Dar, nitamkumbusha. Kula vizuri, usiogope kitu.

Mwanao Loth.


Same mjini
13 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Kulikoni? Evance kaja mikono mitupu kwa mara nyingine. Namuuliza kama u mzima, anasema "yupo", halafu anajishughulisha na mizigo. Yupo vipi? Unaumwa? Nimempigia mwalimu Devotha wa shule ya hapo, simu yake haipatikani. Nimesikia mvua huko ni kubwa na upepo hausimami. Niandikie hata mstari mmoja, mama. Roho yangu iko juu juu.

Mwanao Loth.


Gonja
20 Aprili 2025

Loth,

Leo ni Pasaka na nimekaa nyumbani. Siumwi. Ningekuwa naumwa ningekwambia mapema.

Watu walikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mimi kwa sababu ya mguu niliachwa. Walipomaliza, Wilbard akabaki nyuma kupanga mawe ya ukuta. Ardhi ilikuwa imelowa, ukuta ukamwangukia kiunoni. Priska alikuwa anamletea makande. Akapiga yowe.

Unajua kwetu yowe likipigwa. Chungu kiungue, mtoto alie, unakwenda. Aliyesikia akakaa, huyo hahesabiki kuwa mtu. Na kutoka kwangu hadi pale ndivani ni kuteremka tu. Siku ile upepo ulikuwa umekaza, feni liko juu yangu vuu, vuu, vuu. Waliosikia ni watu wa ng'ambo ya bonde. Walipanda mbio, na njia yao inapita uani kwangu. Wakanikuta nimekaa kwenye kigoda nachambua maharage.

Ee Mungu wangu, Loth! Namwona bado Melkizedeki alivyosimama akaniangalia, akaangalia ungo wangu, akapita.

Wilbard yuko hospitali, nyonga imevunjika, hawajui kama atatembea. Amelala chini ya mawe muda wote ule na mimi niko hapo juu. Nimesema sikusikia. Wananijibu, "Si ulisema mwenyewe unasikia kila kitu?" Niseme nini? Nikisema nilidanganya, nakuuza wewe. Nikinyamaza, nimemsikia jirani yangu anakufa nikakaa na maharage. Kisimani nikifika, wanapisha kama nina upele. Hakuna anayenijia kuomba moto wala chumvi. Priska hanitazami.

Sukari yako sijaifungua. Sikuandika kwa sababu sikujua nianze wapi.

Mama yako.


Same mjini
27 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma nimelia. Mkubwa wangu kazini nimemwambia yote. Kanijibu nisubiri mpaka hela iingie, mama atazoea.

Fundi wa breki sikumkumbusha, mama. Nilikuwa nasubiri hela kama wao.

Nakuja na basi lijalo. Mwombe Melkizedeki na wazee waje wakae uani kwako upepo ukikaza. Wasiulize kwa nini. Priska nitamwona mwenyewe, anifukuze akitaka.

Mwanao.


Gonja
18 Mei 2025

Mwanangu Loth,

Hujambo baba? Umefika salama? Uliondoka haraka sikukuaga vizuri, na wewe sauti ilikuwa imekukauka kabisa. Kunywa tangawizi niliyokufungia, yote.

Nataka nikwambie upande wangu, maana wewe ulikuwa huko ndivani hukuuona. Wazee walikaa hapa uani wamenuna, wanangoja hilo yowe ulilosema utapiga. Feni linavuma. Tukasubiri. Mzee Melkizedeki akanisogelea akanipazia sauti sikioni, "Mwanao anaanza lini? Tuna kazi zetu!" Tukasubiri tena. Ndipo ukatokea unapanda, shati limelowa, unashika koo. Melkizedeki akakuuliza kwa hasira kwa nini hujaanza. Ukajibu kwa sauti ya kukwaruza, "Nimemaliza. Nimeita mpaka sauti imekatika." Hapo hakuna aliyenitazama. Mzee alivua kofia akaishika mapajani.

Mkutano umefanyika. Feni limefungwa mpaka wapatane na wafadhili kulihamishia kilima cha nyuma. Hela imezuiwa, na baadhi ya watu wamekasirika, wanasema tumerudi kwenye vibatari kwa ajili ya bibi mmoja. Nao wana haki ya kukasirika. Evance kaniambia kazini wamekusimamisha. Hukutaka nijue, eh? Mtoto mjinga wewe.

Priska alikuja jana. Alisimama mlangoni, akaniita mara moja tu, nikasikia. Alikuja kuomba chumvi, na nyumbani kwake chumvi anayo, mimi naijua. Wilbard ameanza kukaa. Tulikunywa chai ya ile sukari yako, kisha akanieleza alivyokusikia wewe kule ndivani mlikosimama pamoja. Kumbe hukupiga yowe. Ulikuwa unaita, "Mama, nilikudanganyisha mimi! Mama, nisamehe!" Mpaka Priska mwenyewe akakushika mkono ukanyamaza.

Sikusikia hata neno moja, baba. Njoo nyumbani uniambie tena. Sasa hivi huku ni kimya, hutahitaji kupaza sauti.

Mama yako.