Veranda ya Mzee Nzomo

Muthoki, nimecheka mpaka shangazi amenifukuza jikoni. Sikia vile bwanake, Mzee Nzomo, alifanya kule kwao Mutomo mwaka wa themanini na nane.

Wazazi wa kijana aliyemtaka binti yake Syombua walikuwa wanakuja kuposa. Nzomo akatandaza mawe bapa mlangoni, veranda ya kupokea wageni.

Kupima mteremko, akalaza chupa ya maji juu ya mawe. Kipovu cha hewa kikakimbilia upande wa barabara. Akamwambia shangazi, "Umeona? Maji yatafuata huko."

Kipovu, Muthoki. Kipovu huenda upande ulio juu.

Wageni wamekaa tu hivi, mvua ikashuka. Maji yote ya veranda yakaingia sebuleni. Kiatu cha baba wa kijana kikaelea mpaka chini ya kabati.

Nzomo, miguu juu ya stuli, akasema, "Hii ni baraka."

Yule baba akakunja suruali polepole. "Nzomo, tupe msichana haraka, kabla baraka haijatubeba."

Wakakubaliana kabla chai haijachemka. Mpaka leo Nzomo anaapa alipima hivyo makusudi.