Kawa la Hadija

Jumatatu, 3 Machi
Nimeloweka ukindu, nimekaa barazani nasuka kawa la binti yangu Hadija. Kwetu Wanubi, chakula cha kwanza bibi harusi anachopeleka kwa wakwe hufunikwa kwa kawa alilosuka mama mzazi. Wanalikagua kabla hata ya kuonja. Jumamosi anaolewa, na rangi sizioni. Tangu bodaboda initupe pale Makindye nikagonga kisogo chini, kila kitu majivu. Nyanya majivu. Sijamwambia mtu. Hadija akijua ataahirisha harusi, namjua, na bwana harusi ni askari, likizo inaisha. Nani ajue atarudi lini?

Jumanne, 4 Machi
Hospitali ya Mulago. Macho mazima, anasema daktari. Rangi haziko kwenye ukindu, zinatengenezwa kichwani, na pangu pa kuzitengenezea pameumia. Hakuahidi kitu. Nikamuuliza kama kila mtu anajitengenezea zake. Huenda, akasema, hakuna aliyewahi kuingia kichwani mwa mwenzake akatazama.
Nimerudi na hasira. Miaka yote namwambia Hadija shika nyekundu, anashika. Nyekundu yangu au yake? Sasa sitajua kamwe.

Jumatano, 5 Machi
Nimemdanganya jirani kuwa miwani imepotea, kanitajia rangi. Fungu jekundu nimelipiga fundo moja, kijani mawili, njano matatu. Navuta kwa vidole. Mjanja mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi Mastura, dada wa marehemu mume wangu, kaja kusaidia. Mikono yake haitulii! Nimetoka sokoni nakuta kafungua mafundo yote, kaloweka ukindu upya. Nikiuliza ipi nyekundu, siri imetoka. Nimekisia. Nimesuka hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Hadija kaliona kawa, kaligeuzageuza. Mastura kapiga ukelele.
“Yarabi, wifi! Hii nini? Kama matapishi ya mtoto!”
Nikalia mbele yao, nikasema yote. Mastura kanipa methali, mficha maradhi kifo humuumbua, kisha naye kalia. Hadija anataka harusi isimame. Nimemwambia akiisimamisha simsamehe. Mastura kaenda kuazima kawa kwa jirani.

Jumamosi, 8 Machi
Hadija kakataa la kuazima. Kapeleka langu. Mashangazi wa bwana harusi wamecheka, nimewasikia. Akawaambia hilo kasuka mama, wale chakula kabla hakijapoa. Nimeona fahari. Nimeona aibu zaidi.
Kapambwa, hina mpaka viwikoni. Wanawake wanapiga vigelegele, mimi naona mtoto wa majivu. Nimeinamisha kichwa, wakadhani nalia kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi
Maharusi wameondoka asubuhi kwenda kambini kwa mume. Nyumba kimya. Mastura kalala.
Nimejaribu kumkumbuka Hadija alipokuwa mdogo, na gauni lake la Idi. Najua lilikuwa jekundu, nilimnunulia mwenyewe, alilivaa mpaka likambana. Wekundu hauji. Nimefumba macho, nimengoja sana. Hata huko ndani mtoto wangu ni majivu.
Nimepasha pilau ya jana. Sikula.